Jumamosi Ngezi, Jumapili Mkumbuu

Wageni wanashuka bandari ya Mkoani Ijumaa. Wawili ni wa Unguja, wa tatu ni ndugu yetu aliyekaa Uingereza miaka mingi, na huyo ndiye aliyelianzisha jambo lote. Anataka siku mbili za baiskeli Pemba, azunguke "vituo vitatu vinne" kama alivyozoea huko. Mwenyeji ni mimi, kwa hivyo mpangaji ni mimi. Wiki hii nikishasali alasiri nakaa barazani na daftari, nafuta niliyoyaandika jana.

Hivyo vituo alinisimulia kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kule msituni huchongwa njia za baiskeli tupu, si za mguu wala za gari, na pale zinapoanzia pana pa kuegesha, pana mkahawa, pana duka la vipuri, na pana mpira wa maji wa kuoshea tope. Kimoja kinaitwa Coed y Brenin, kiko Wales, ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa, kilianza miaka ya 1990. Kusini mwa Scotland vipo kadhaa vinavyokwenda kwa jina moja la 7stanes, na watu hufunga baiskeli nyuma ya gari wakamaliza Jumamosi na Jumapili yao wakihama kimoja kwenda kingine. Kila njia ina rangi yake: kijani ya anayejifunza, buluu, nyekundu, na nyeusi ya waliobobea. Unaisoma rangi, unajipima ubavu, unaingia. Ukianguka, umejiangusha.

Nikamwambia ni mpango mzuri, na kweli ni mzuri. Lakini Pemba haina hata kituo kimoja cha namna hiyo, na papo hapo kisiwa kizima ni njia. Ondoka mjini Chake Chake uelekee upendako, uiache lami kidogo tu, utakuta kijia chekundu kinateremka bondeni kwenye mpunga, kinavuka mtaro juu ya gogo la mnazi, kinakwea upande wa pili katikati ya mikarafuu. Kilima chetu kirefu kuliko vyote hakifiki mita 100, na msikiaji hudhani basi ni tambarare. Aje aendeshe. Huku magharibi ardhi imekunjika kama nguo iliyokaushwa bila kunyooshwa. Hujamaliza kushukuru mteremko, mpando umeshakukabili.

Tofauti ni kwamba vijia hivi havikuchongwa na mtu kwa ajili ya mchezo. Vimefanywa na nyayo: za wanaobeba karafuu mbichi kutoka shambani, za wanaoteka maji, za watoto wa skuli na wa chuoni, za mzee anayempeleka ng'ombe wake malishoni. Hakuna geti wala kibao. Kila hatua unayopita ni nyuma ya nyumba ya mtu au kando ya muhogo wake. Sisi wa baiskeli ndio wageni wa njia, hata mimi niliyezaliwa hapa. Hilo ndugu yangu hajalielewa bado, na mpango wangu wote umelizunguka hilo.

Nilijaribu kumfanyia ihsani, nikachukua ramani nimpakie rangi zake. Haikuchukua muda nikaona hazikai. Kuna njia moja nyuma ya Chake inayoshuka mpaka mikokoni. Wakati wa kusi, asubuhi, udongo mkavu na umeshikana, ni buluu hiyo, mtoto anapita. Ikinyesha usiku mmoja ule udongo mwekundu huwa sabuni, na njia ileile ni nyeusi, tena nyeusi tii. Saa sita na nusu mchana skuli zikitoka si ya rangi yoyote, ni ya watoto, na mwenye baiskeli hushuka akakokota. Msimu wa karafuu nao una mambo yake. Majamvi hutandazwa mpaka kando ya barabara, karafuu zimeanikwa, na anayezikanyaga na tairi amekanyaga ada ya skuli ya mtoto wa mtu. Halafu, mtu mwenye mifuko minene nyuma ya baiskeli, jioni, kwenye njia ya pwani, msimu wa karafuu? Huyo atasimamishwa aulizwe amebeba nini, isije ikawa anatorosha karafuu, na mimi siwalaumu wanaouliza.

Basi ramani nimeiweka chini, nimeandika kwa saa.

Jumamosi tunaanza kaskazini. Baiskeli zinapanda juu ya gari ya abiria mpaka Konde, kwa sababu sioni faida ya kumaliza miguu kwenye lami tukiwa bado hatujaonja msitu. Kutoka Konde tunapita kwenye mipira, ile miti ya utomvu iliyopandwa safu kwa safu, kisha ghafla mwanga unapungua na uko ndani ya msitu wa hifadhi wa Ngezi. Nimepita hapo mara nyingi na bado hunishtua. Sehemu kubwa ya Pemba zamani ilikuwa hivi, kabla mikarafuu haijatamalaki. Karafuu zilienea wakati wa Sultani Sayyid Said karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikabebeshwa sehemu kubwa ya mzigo wa zao hilo. Miti ikafyekwa. Ngezi ilisalia, na ndani yake kuna mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao asili yake ni hapa kwetu, kuna ninga wa Pemba na bundi wa Pemba. Mlango wa bahari ulio baina yetu na Bara ni wa kina kikubwa, umetutenga tangu dahari, ndiyo maana viumbe hawa wakawa wa peke yao.

Ndani ya vijia vya hifadhi hatuendeshi. Tutalipa kiingilio, tutaacha baiskeli kwa walinzi, tutatembea na muongozaji. Najua ndugu yangu atanuna kidogo, maana kwake msitu maana yake ni magurudumu. Uso utamkunjuka akimuona ninga. Utamu wa kuendesha uko kwenye barabara inayoukata msitu na ile njia ya mchanga ya kushukia Vumawimbi. Mchanga ule unahitaji upepo kidogo kwenye tairi. Ukijaza mpaka ikagonga kama ngoma, utazama na utakokota mpaka baharini. Vumawimbi tunafika kabla jua halijakaa utosini, tunakoga, tunakula tulichobeba. Nimeagiza mkate wa kumimina na pweza wa kukaanga kwa jirani, maana kule hakuna mkahawa wa kusubiri mgeni. Nikipata madafu njiani, nitashukuru.

Baada ya adhuhuri tunapita Makangale kwenda Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa, ule wa chuma uliosimamishwa na Waingereza mwaka 1900. Mwenye funguo akiwepo tutapanda. Asipokuwepo tutautazama kwa chini na itatosha.

Kurudi ndiko kulikonisumbua. Kidike nimeifuta nikairudisha, nikaifuta tena. Iko kando ya barabara ya zamani ya Wete na Chake, na popo wa Pemba wananing'inia pale mchana kutwa, mbawa zao zikitandazwa ni kama mita moja na nusu. Kuna wakati walikuwa wamepungua mno kwa kuliwa na kwa kukatiwa miti. Miaka ya 1990 wanavijiji wakaanza kuwalinda, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Mgeni aje Pemba asiwaone? Lakini kutoka Kigomasha mpaka Kidike kabla ya magharibi kwa baiskeli ni kutafuta kuumizana. Nimeamua gari itufuate Konde, ituchukue na baiskeli zetu, tupite Wete tununue halua, tufike Kidike jua likiwa linashuka. Hapo popo huanza kutoka kwenda kula. Kama kuna anayeona kupanda gari ni kujidanganya, aendeshe yeye, tutamkuta Chake.

Jumapili ni habari nyengine kabisa, na hapa ndipo nilipobishana na kila mtu. Wa Unguja wanataka ngome ya Pujini asubuhi na Mkumbuu jioni, wapate picha za machweo kwenye makaburi. Nimekataa. Jumapili hiyo ni tarehe kumi na sita ya mwezi wa Kiislamu, ni bamvua. Huku kwetu bamvua maji hupwa saa nne, saa tano za asubuhi, na jioni hujaa mpaka yakafika pasipofikwa siku nyengine. Rasi ya Mkumbuu ni ulimi mwembamba wa ardhi, mikoko huku na huku, na siku za bamvua sipendi kuwa mwisho wa ulimi ule jioni nikiwa na wageni wanaoburura baiskeli za thamani kwenye tope la chumvi. Bahari haisomi ujumbe wa simu. Mkumbuu ni asubuhi, tunatoka Chake baada tu ya sala ya alfajiri, tukifika maji yanatoka, tukirudi bado hayajageuka sana.

Na yafaa kufikiwa. Mwisho wa rasi umesimama msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi ya nguzo, ya karne ya 14 hivi, yaliyochimbuliwa na kuandikwa na wanaakiolojia. Wapo waliodhani kuwa hapa ndipo Kanbalu, mji ambao msafiri wa Kiarabu al-Masudi aliutaja katika karne ya 10, wengine wanapinga. Mimi napenda zaidi ile njia ya kufikia: kijiji, minazi, mihogo, kisha nyumba zinakwisha na unabaki na kijia chembamba na bahari kulia na kushoto. Kama Waingereza wangekipaka rangi kijia kile, sidhani kama kingezidi kijani. Hakina ugumu wowote isipokuwa kwenda na maji.

Pujini tutaiingiza alasiri kama miguu bado ni yetu. Ni ngome ya karne ya 15, ya Mkama Ndume, mtawala ambaye Wapemba tumelelewa kwa visa vyake. Inasemwa aliwalazimisha watu wabebe mawe ya kuta wakijikokota kwa makalio. Kipo pia kisima chake, kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji: mmoja alishuka kwa ngazi, mwengine alitupia ndoo kwa kamba. Kuta zimebaki kidogo sana, na asiyejua hadithi ataona vichaka na mawe. Kwa hiyo hadithi nitaisimulia mimi, kwa kirefu, watake wasitake.

Vyombo. Ndugu yangu anakuja na baiskeli yake ya magurudumu ya inchi 29 na breki za diski za mafuta. Nimemwomba alete tyubu zake mwenyewe, kwa sababu fundi wetu hapa ana za inchi 26 na za 28, zile za baiskeli za Phoenix, na si za kipimo chake. Breki za mafuta zikivuja Makangale hakuna wa kuzitengeneza. Nimempendekezea aazime ya breki za waya, akacheka. Alete basi na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mashine ya gia kwenye fremu, maana kikipinda, safari imekwisha kwake. Mimi nachukua pampu, viraka, gundi, mnyororo wa akiba na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba tairi likipasuka. Fundi ananiambia hicho kipande ndicho kitakachotumika. Ana kawaida ya kusema kweli mambo haya. Na baiskeli zote zioshwe kwa maji ya kisima usiku wa Jumamosi, hata kama tumechoka vipi. Chumvi haisubiri.

Jambo la mavazi nimelisema wazi kwenye simu. Zile kaptula za kubana waziache Unguja, au wavae suruali pana juu yake. Tunapita vijijini, tunapita misikitini, tunapita kwa mama zetu. Na kengele si salamu. Ukimfikia mtu mzima unapunguza mwendo, unatoa shikamoo, unasubiri uitikiwe, ndipo unapita. Akiwa amebeba kuni kichwani wewe ndiye unayetoka njiani, hata kama njia nje yake ni miiba. Ukikuta watu wamekaa msibani unashuka, unakokota mpaka uwapite. Ndugu yangu akasema kwa mwendo huo hatutafika popote. Nikamjibu kwamba saa alizopewa kwenye daftari zimeshahesabia salamu.

Kule Mkumbuu nimempigia sheha, kiongozi wa serikali wa pale, kumjulisha. Aliuliza tuko wangapi, tunatoka wapi, tunakwenda kufanya nini, na kama tutalala. Nikamwambia hatulali. Akanyamaza kidogo, akauliza kama tunajua kwamba siku hiyo ni bamvua. Nikamwambia tunajua, tunatoka kabla ya jua. Akasema basi sawa, tupite kwake tunywe chai kwanza.

Hiyo chai nimeiongeza kwenye daftari: nusu saa, na kwa kumjua, niandike saa moja. Maana yake tutatoka Chake mapema zaidi, na sala ya alfajiri tutasali njiani badala ya mjini. Kesho namtafuta mwenye gari tupatane bei ya kubeba baiskeli juu, kwenda Konde na kurudi kupitia Kidike, kabla hajajua kwamba mmoja wetu anatoka Ulaya.