Pomboo na ile ndoo ya samaki

Watu wakienda kutazama maonyesho ya pomboo, macho huwa kwenye pete, mpira na ile miruko. Mimi nawaomba muitazame ndoo iliyo miguuni pa mkufunzi.

Pomboo anaishi baharini lakini hakati kiu kwa maji ya bahari. Chumvi yake ni nyingi mno. Maji ya mwili wake huyapata ndani ya samaki. Samaki mbichi ni maji kwa kiasi cha robo tatu ya uzito wake, na mafuta yake yakivunjwavunjwa mwilini hutoa maji mengine. Kwa hiyo pomboo aliyekosa samaki amekosa chakula na maji kwa pamoja.

Bwawani samaki huja wamegandishwa: heringi, vibua, kapelini, ngisi. Kazi huanza alfajiri jikoni. Samaki huyeyushwa taratibu ndani ya jokofu. Wakilowekwa kwenye maji, vitamini huoshwa, na wakiachwa kwenye joto, hasa vibua, hujenga histamini, ileile inayowawasha watu ngozi na kuwavimbisha wakila jodari aliyeharibika. Kila samaki hukaguliwa macho, matamvua na tumbo, na aliyepasuka hutupwa.

Hata akikaguliwa hivyo, samaki wa friza si sawa na wa baharini. Amepoteza sehemu ya maji yake. Aina kadhaa zina kimeng'enya, yaani kemikali ya mwilini inayovunjavunja vitu, kinachoendelea kuharibu vitamini B1 hata kwenye baridi, na pomboo aliyelishwa hivyo bila nyongeza huanza kususa chakula, kisha mishipa ya fahamu huathirika. Ndiyo maana kidonge hufichwa ndani ya matamvua ya samaki wa kwanza: kipimo kinachotumika sana ni miligramu 25 hadi 30 za B1 kwa kila kilo ya samaki, pamoja na yuniti 100 za vitamini E. Maji yaliyopotea hurudishwa kwa vipande vya gelatini, au kwa mrija laini wa mpira unaopitishwa kooni hadi tumboni, na mnyama hufundishwa kuupokea huku ametulia.

Wanaofanya kazi hii wengi wao ni watu makini na wanawapenda hao wanyama kwa dhati. Sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba uhodari wote huo, kila siku, unafidia kitu ambacho pomboo angejipatia mwenyewe asubuhi hiyohiyo baharini.

Sasa turudi kwenye onyesho. Filimbi ya mkufunzi si amri. Amri hutolewa kwa mkono. Filimbi humwambia pomboo, akiwa bado hewani, kwamba hapo hasa amepatia na samaki wake yuko njiani. Vituo vyenye maadili humpa kipimo chote cha siku hata akiharibu onyesho, na ni haki kulisema hilo. Lakini chakula chake chote na maji yake yote hupitia mkononi mwa watu wachache, na hana pengine pa kwenda kutafuta. Anaweza kukataa kuruka, hawezi kuondoka. Kwangu mimi kosa liko hapo, hata kama bwawa ni safi kiasi gani. Na lile tabasamu lisimdanganye mtu: ni umbo la taya. Pomboo aliyekufa naye analo.

Tulitazame na bwawa lenyewe. Kanuni za Marekani huruhusu bwawa la pomboo wa aina inayoonyeshwa zaidi (bottlenose) lenye upana wa mita 7.32 na kina cha mita 1.83. Mabwawa mengi ni makubwa kuliko hapo, lakini hicho ndicho kiwango cha chini cha kisheria: upana usiofika urefu wa pomboo watatu waliolala kichwa kwa mkia, na kina kisichofika urefu wa mlango wa nyumba. Ndani ya maji hayo hayo mnyama hukojoa na kunya. Maji hutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, na klorini ikikutana na mkojo hutoa kemikali zinazochoma macho na ngozi. Kisha kuna sauti. Pomboo huona kwa mwangwi: hutoa milio mifupimifupi na kusikiliza inavyorudi. Kwenye bwawa la zege milio hiyo hugonga ukuta ule ule kila upande, na pampu zinanguruma usiku kucha.

Mnyama mwenye akili aliyefungiwa hivyo huokota chochote. Sarafu, kofia na glavu zimewahi kutolewa matumboni. Desemba 2006, huko Fushun, China, pomboo wawili walimeza vipande vya plastiki vilivyotoka ukingoni mwa bwawa lao. Vifaa vya madaktari vilishindwa, kwa sababu tumbo lilijikaza kila vilipoingia. Ndipo akaitwa kusaidia Bao Xishun, mtu wa urefu wa mita 2.36. Meno ya pomboo yalizungushiwa taulo, naye akapenyeza mkono wake wa mita 1.06 kooni na kuvitoa. Walipona. Ilibidi mtu mwenye mkono mrefu hivyo atafutwe kwa sababu ya plastiki ya bwawa.

Sheria zinabadilika. Uingereza ilipandisha viwango vya mabwawa, na tangu 1993 haina onyesho hata moja la pomboo. India ilikataza mwaka 2013, Kanada 2019, na Ufaransa ilipitisha sheria yake 2021. Wanaotetea mabwawa husema watoto hujifunza, lakini mtoto hapo anajifunza kwamba pomboo hupunga mkono.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali. Oktoba 2007 pomboo 28 walisafirishwa kwa ndege kutoka Visiwa vya Solomon hadi Dubai, mji wenye ndugu zetu wengi. Pomboo husafirishwa kwenye machela yenye matundu ya mapezi, ndani ya sanduku la maji, huku mtu akimlowesha mgongo wakati wote asikauke. Hao walikuwa wa aina ileile inayoishi Kizimkazi, kusini mwa Unguja.

Na Kizimkazi tuna deni letu. Zamani pomboo waliwindwa pale ili wawe chambo cha papa, na utalii ukawapa thamani wakiwa hai. Lakini utafiti wa hapo umeonyesha kwamba boti zikiwazonga hupunguza kupumzika na kula, na muda mwingi huishia kuogelea tu. Pomboo hulala nusu ya ubongo kwa zamu, maana lazima apande kuvuta hewa. Kundi linalozunguka polepole na kuibuka pamoja limepumzika. Boti isogee kwa ubavu, isiwakate mbele. Mwendo uwe mdogo, na boti zisizidi mbili. Asiruke mtu majini juu yao. Na mwambie nahodha mapema, mkiwa bado ufukweni, kwamba hutaki wakimbizwe na utamlipa bei ileile hata mkiwaona kwa mbali. Wengi wao hukimbiza kwa sababu wanaogopa mgeni atarudi akinung'unika.