Dola Moja ya Mani Oda

Binti yangu alikuwa akitafuta pasipoti yake kwenye boksi la viatu, akaibuka na vikaratasi kumi na viwili vilivyofungwa kwa mpira. "Baba, hizi za nini?" Nikamwambia ni kodi. Sijui kwa nini nilikimbilia neno hilo.

Ni stakabadhi za ule mwaka wangu wa probesheni, yaani adhabu ya nje ya jela chini ya uangalizi wa afisa, hapa Texas. (Yote yalianza na bia ya nne; hayo nayaacha.) Kila mwezi nilikwenda kuripoti, na kila mwezi nililipa ada ya kusimamiwa. Sheria inamruhusu jaji kutoza kati ya dola 25 na 60. Mimi nilipigwa 60.

Siku moja tu ndiyo iliyoniganda kichwani. Nilitoka zamu ya usiku ghalani, miadi ni saa tatu asubuhi, nikasukuma noti tatu za ishirini dirishani. Yule mama hakuzigusa hata. Alinyoosha kidole kwenye tangazo: hawapokei fedha taslimu. Miezi ya nyuma mke wangu ndiye aliyekuwa akininunulia mani oda, ile hati ya malipo unayoinunua kwa fedha taslimu. Mwezi ule tulikuwa hatusemezani.

Nikavuka barabara mbio hadi kituo cha mafuta. Muuzaji akabonyeza mashine: "Sitini na moja." Dola moja ni ya mani oda yenyewe. Sikuwa nayo. Nikarudi kuchokonoa chini ya viti vya gari, nikapata sarafu mbili za senti 25, moja imenatia pipi ya mtoto, tatu za senti kumi, na zile nyekundu ambazo huwa siinami kuziokota. Nikazipanga kaunta, watu wanahema nyuma yangu. Senti 96. Nikahesabu tena. Muuzaji akazikumba zote kwa kiganja, ile yenye pipi pia, akachapa karatasi. Hakusema neno.

Nilichelewa dakika kumi na mbili. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika: amechelewa. Hakuwa mtu mbaya.

Baadaye sana nikajua jaji angeweza kuipunguza ada hiyo, hata kuisamehe, kwa asiyejiweza. Sikuomba, nadhani niliona aibu nayo ina bei yake. California walizifuta ada za probesheni kuanzia Julai 2021. Niliposoma habari hiyo nilijikuta napiga hesabu: 720. Rafiki yangu mmoja hushikilia kwamba kulipa humtia mtu adabu. Huenda. Mimi tangu siku ile sikosi sarafu garini.

"Kodi ya nyumba ipi?" binti akauliza.

Nikamwambia atafute pasipoti.