Mkuu wa polisi hang'olewi kwa kura: Berlin, 1945 hadi 1948

Hapa Nairobi tukibishana juu ya polisi, mara nyingi tunashika jina: nani Inspekta Jenerali, nani kamteua, nani atamfuta. Kifungu cha 245 cha Katiba ya 2010 kinasema waziri hana ruhusa ya kumwelekeza mkuu huyo ampeleleze nani. Hilo ni jambo la maana sana. Lakini anayetaka kuelewa polisi hushikwa vipi hasa, na atazame Berlin ya baada ya vita, mji ambao mataifa manne yaliyoshinda vita, Sovieti, Marekani, Uingereza na Ufaransa, yaligombea kikosi kimoja mpaka kikapasuka vipande viwili.

Mji ulianguka mikononi mwa jeshi la Sovieti tarehe 2 Mei 1945. Wamarekani na Waingereza walifika Julai. Katika pengo hilo la miezi miwili, kamanda wa Kisovieti, Jenerali Nikolai Berzarin, alikwisha kumweka Paul Markgraf kuwa mkuu wa polisi. Markgraf alikuwa kapteni wa jeshi la Ujerumani aliyetekwa Stalingrad na kubadili upande akiwa mfungwa. Mkuu akishaketi, huchagua manaibu na wakuu wa vituo, nao huamua askari gani aingie. Waliokuja Julai walikuta mnyororo mzima umekamilika.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilifanyika tarehe 11 Julai 1945. Siku hiyo Kommandatura, baraza la makamanda wa kuutawala mji kwa pamoja, lilikutana kwa mara ya kwanza na kukubali kwamba amri zote zilizokwisha kutolewa na Wasovieti ziendelee hadi zibadilishwe. Kuzibadilisha kulitaka makamanda wote wakubaliane. Kanuni hiyo inasikika kama ya haki, kila mmoja ana kura ya turufu. Kwa vitendo humlinda aliyetangulia, kwa sababu anayetaka kumng'oa mtu anahitaji sauti zote, na anayetaka abaki anahitaji sauti moja tu, yake.

Wilaya za Berlin zilikuwa 20, zimegawanywa katika sekta nne: Wasovieti 8, Wamarekani 6, Waingereza 4, Wafaransa 2. Makao makuu ya polisi yalikuwa upande wa Wasovieti. Chukua Nairobi yetu yenye kaunti ndogo 17, gawanya vivyo hivyo, kisha umwache adui yako na Jogoo House, makao makuu ya polisi. OCS wa Kilimani, yaani mkuu wa kituo cha polisi, anapokea amri kutoka kwa kamanda wa eneo lake, huku kupandishwa cheo na uhamisho wake vikiamuliwa ng'ambo ya pili. Atamsikiliza nani? Berlin askari wengi walisikiliza wote wawili, kila mmoja kwa kiasi cha kutomuudhi.

Wananchi walijaribu njia ya kura. Uchaguzi wa tarehe 20 Oktoba 1946 uliwapa Wasosholisti wa SPD asilimia 48.7, na SED, chama kilichoungwa mkono na Wasovieti, asilimia 19.8. Watu walikuwa wakitoweka mitaani, hata katika sekta za magharibi, na polisi wa Markgraf hawakuleta majibu. Novemba 1947 bunge la jiji lilipiga kura ya kutokuwa na imani naye. Alibaki kazini. Bunge lilikuwa na kura, lakini halikuwa na uwezo wa kumwondoa bila idhini ya makamanda wote.

Mambo yalibadilika pale tu baraza lenyewe lilipovunjika. Wasovieti waliondoka Kommandatura tarehe 16 Juni 1948, sarafu mbili zikaingia mjini, na Wasovieti wakaanza kuzizingira sekta za magharibi tarehe 24. Tarehe 26 Julai serikali ya jiji, chini ya kaimu meya Ferdinand Friedensburg, ilimsimamisha Markgraf na kumweka naibu wake, Johannes Stumm. Wasovieti walisema uteuzi huo ni batili. Stumm hakungoja kukabidhiwa ofisi ambayo asingeipata. Alifungua makao yake Friesenstraße, Kreuzberg, sekta ya Marekani, na askari wengi wakamfuata. Sasa kila upande uliwahesabu polisi wa upande wa pili kuwa watu wasio na mamlaka.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana tarehe 6 Septemba 1948. Bunge la jiji lilikuwa bado linakutana upande wa Wasovieti, mahali ambapo askari wa Stumm mwenye sare hangeweza kufanya kazi. Wakapelekwa polisi wa magharibi waliovaa kiraia ili walinde ukumbi. Umati ulivamia jengo, polisi hao wakakimbilia ofisi za maafisa uhusiano wa nchi za magharibi humohumo ndani. Jenerali Ganeval wa Ufaransa alipata ahadi ya kamanda wa Kisovieti, Kotikov, kwamba watapita salama. Walipotoka kwa malori walisimamishwa na kukamatwa. Nasikitika kila ninapofika hapo: watu walitumwa kulinda jengo lisilokuwa ndani ya mamlaka ya aliyewatuma, wakiwa na ahadi ya mdomo tu.

Reli ndiyo iliyobaki na ufa mrefu zaidi. Treni za mjini, S-Bahn, zilikuwa za shirika lililoongozwa kutoka mashariki hata ndani ya sekta za magharibi, na stesheni zake zilikuwa na polisi wa reli wa mashariki. Barabarani nje ya stesheni ulikuwa kwa Stumm. Ukipanda ngazi hadi jukwaani, kwa wengine. Mei 1949 wafanyakazi wa reli wanaoishi magharibi waligoma wakidai mishahara kwa marki ya magharibi, na stesheni zikawa uwanja wa mapigano kati yao na polisi hao wa reli. S-Bahn ya Berlin Magharibi ilikabidhiwa kwa mamlaka za upande huo Januari 1984.