Nilivyoikaribisha eza bila kuifukuza ls

Amri ya ls, ile inayoorodhesha faili zilizomo kwenye folda, ni mzee wa mji: imo kwenye mwongozo wa kwanza kabisa wa Unix, wa mwaka 1971, na kazi yake bado inaiweza. Kilichonichosha ni folda za miradi. Ili nijue faili lipi nimeligusa na bado halijaingia Git (mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya faili), ilibidi niandike ls, kisha git status, kisha ls tena. Nilitaka nivione vyote kwa mpigo mmoja.

Maelekezo mengi utakayokutana nayo yanataja exa, programu ya kuorodhesha faili badala ya ls. Achana nayo, mradi huo hautunzwi tena, na wenyewe wanakuelekeza kwenye eza, tawi lililochipuka humo mwaka 2023. Zote mbili zimeandikwa kwa lugha ya Rust, na hapo ndipo bando linapoingia kwenye hesabu. Ukiandika cargo install eza (cargo ni kisakinishi cha Rust), utashushiwa maktaba chungu nzima, kisha kompyuta yako ndiyo ianze kuzijenga. Kwenye mashine yenye RAM kiduchu, feni italia hadi chai ipoe. Mimi natumia Ubuntu 24.04, ambayo tayari inayo, kwa hiyo sikuona sababu ya kujitesa:

sudo apt install eza

Mwenye Mac ataandika brew install eza, basi.

Kazi ilikuwa kwenye aikoni. Ukiongeza --icons bila maandalizi, mahali pa picha utaona vijisanduku vitupu, maana fonti za kawaida hazina alama hizo. Nilipakua JetBrainsMono kutoka mkusanyiko wa Nerd Fonts, nikaiweka ndani ya ~/.local/share/fonts, nikaendesha fc-cache -f, halafu nikaichagua kwenye mipangilio ya terminali. Hilo la mwisho watu hulisahau, wakaishia kuilaumu programu. Na kama unaingia kwenye seva kwa ssh, fonti inayotumika ni ya kompyuta uliyoikalia. Usihangaike kuipeleka kule.

Kisha nikafungua ~/.bashrc, faili la mipangilio linalosomwa terminali inapofunguka, na kuongeza aliasi hizi, yaani majina mafupi ya amri:

alias l='eza --icons=auto --group-directories-first'
alias ll='eza -lh --git --icons=auto --group-directories-first'
alias lt='eza -T -L 2 --git-ignore'

Ziweke mwisho wa faili. Ubuntu huja na l na ll zake, na ukiandika zako juu ya hizo, za Ubuntu ndizo zitakazoshinda. Ukimaliza, andika source ~/.bashrc ili zianze kufanya kazi.

Kwenye ll, safu ya Git ina herufi mbili: ya kwanza ni mabadiliko yaliyokwisha kuandaliwa kwa komiti, ya pili ni yale ambayo bado. M ni faili lililobadilishwa, N ni jipya. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nayo lt huchora mti wa ngazi mbili na kuruka vilivyotajwa kwenye .gitignore, faili la orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze. Mwenye node_modules, folda la maktaba lukuki za JavaScript, kwenye mradi wake ataelewa raha yake.

Utaona sikuigusa ls yenyewe. Vidole vyangu vimezoea ls -ltr, na eza haiielewi hiyo: kwake -t inasubiri utaje aina ya muda, kwa hiyo ile r inachukuliwa kama jibu na unapewa ujumbe wa kosa. Sawa na hiyo kwa eza ni eza -l -s modified, mapya yakikaa chini. Hata -h si ile ile. Kwa ls inafanya ukubwa usomeke kirahisi, kwa eza ukubwa unasomeka tangu mwanzo, na -h huweka vichwa vya safu. Seva nyingi ninazoingia hazina eza, na sina ruhusa ya kusakinisha chochote, kwa hiyo vidole navyo vinahitaji kukumbuka ya zamani.

Chaguo moja nimelinyima nafasi kwenye aliasi: --total-size, linalojumlisha uzito wa kila folda pamoja na vilivyomo. Ni tamu, ila kwenye folda kubwa linakusubirisha. Naliandika kwa mkono siku diski inapokaribia kujaa.