Waranti ya nyongeza ya gari niliinunua nilipotaka mimi, sio muuzaji

Jamani hili swala la waranti ya nyongeza, ile unayoinunua ili ilipie matengenezo baada ya waranti ya kiwandani kuisha, linanikera mpaka leo, manake kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: chukua siku unayosaini gari, ukitoka hapo umeikosa. Si kweli! Watengenezaji wengi wanakuuzia tu ilimradi ile ya kiwandani haijaisha, na yangu ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndo kinaimaliza.

Yule muuzaji wa gari alikuwa ana haraka kweli, anataka aichomeke kwenye mkopo, eti hutaisikia. Nisiisikieje wakati nailipia riba kila mwezi kwa kitu ambacho hakijaanza hata kufanya kazi? Nikamwambia nipe mkataba wenyewe, sio hiyo karatasi ya picha. Akautoa kwa shingo upande, nikausoma hapohapo kasimama. Juu maandishi makubwa MIAKA 7, chini herufi za kusomea kwa tochi zinasema hesabu inaanza siku gari lilipouzwa mara ya kwanza. Yaani miaka 3 kiwanda kinabeba, kwa hiyo unachonunua ni 4. Nikamwekea kidole pale kwenye mstari, akanyamaza, nikachukua funguo zangu nikaondoka.

Sevisi nilipeleka kwa wakati na risiti zote nikatunza, hilo msilidharau, ukidai injini watataka kwanza rekodi za kumwaga oili. Kuna kampuni moja ya pembeni, sio ya mtengenezaji, ikawa inanipigia simu iniuzie waranti yake, nikawaambia nitumieni mkataba nisome, wakasema mpaka nilipie kwanza. Nikakata simu.

Sasa hapa ndo najivunia. Waranti ya kiwandani ilipobaki miezi michache nikamlipa fundi wangu wa pembeni alinyanyue gari alikague lote. Akakuta sili ya giabox inatoa jasho la oili, na usukani ulikuwa na mlio ukikata kona kabisa. Nikalipeleka kwa dila, yaani muuzaji rasmi wa mtengenezaji, nikahakikisha yote mawili yameandikwa kwenye jobukadi, ile karatasi ya kazi ya gereji, wakabadilisha bure. Ningeyaacha mpaka ile ya nyongeza wangeniambia hitilafu ilikuwepo kabla ya mkataba, na hiyo huwa hawalipi.

Ndipo nikanunua, ya mtengenezaji mwenyewe, kwa keshi, na nikaomba bei kwa dila kadhaa maana mkataba uleule kila mmoja ana bei yake. Niliona inafaa kwangu kwa sababu gari nakaa nalo muda mrefu na lina sensa na skrini kibao, zikifa ni pesa ndefu. Kama wewe unauza gari kabla ya miaka 3 achana nayo. Brekipedi, klachi na wipa kwa kawaida hazimo, na kila dai unaweza ukachangia kiasi fulani, kiulize mapema.

Kompresa ya AC ilikuja kufa baadaye, wakalipa. Na someni kama mkataba unahamia kwa atakayenunua gari au unaweza kughairi ukarudishiwa pesa ya muda uliobaki, wangu unaruhusu vyote viwili.