Kupiga picha soko la samaki Bagamoyo bila ugomvi: ninavyofanya

Ukiinua kamera soko la samaki la Bagamoyo, kila anayekuona anajiuliza jambo moja: picha hii inakwenda wapi? Anayekufokea, anayejifunika khanga, anayedai hela na anayekuita umpige na yeye, wote wanalijibu swali hilohilo, kila mtu kwa namna yake. Mimi napiga picha kwa kupenda tu, sina gazeti wala duka. Nimeweza kufanya hivyo pale kwa amani kwa sababu nahakikisha swali hilo limejibiwa kabla sijabonyeza kitufe. Naandika hapa ninavyofanya na yale yanayoharibu, kwa ajili ya mwenzangu mwenye kamera anayetamani ufukwe ule lakini anaogopa maneno.

Kwanza jua wanachokihofia. Mvuvi anayekokota wavu anaweza kukudhania umetumwa na idara ya uvuvi, hasa kama wavu wenyewe ni kokoro, ambalo sheria hairuhusu. Mchuuzi mwenye noti mkononi hapendi hela zake zionekane, kwa sababu hajui kama wewe ni mtu wa ushuru au mtu wa kwenda kumsema. Mama anayekaanga samaki kichwa wazi kwa joto la moto hataki shemeji yake akutane na sura hiyo kwenye simu. Vijana wameshaona mtu wa mtaani akigeuzwa stika ya kuchekesha kwenye WhatsApp, na hawataki wafuatie wao. Tena Bagamoyo ni mji wa wageni, na watalii wamepita pale na kamera miaka mingi bila kurudisha hata picha moja. Hofu zote hizo zina msingi, kwa hiyo usizichukulie kama ushamba.

Saa ya kwenda ina uzito kuliko kamera uliyobeba. Ufukwe unatazama mashariki na jua huchomoza baharini, kati ya saa 12 na saa 12:45 asubuhi kutegemea mwezi. Mwanga mzuri unaisha mapema, na kuanzia saa 3 jua linakuwa kali na nyuso zote zinaingia kivulini chini ya kofia na ndoo. Shughuli nayo inafuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, vyombo hukaa nje na samaki huletwa mabegani kwa mwendo mrefu ndani ya maji. Mtu aliyebeba tenga zito hana nafasi ya kukusikiliza, na ukimkalia njiani umemkosea kabla hujapiga. Msubiri atue.

Siku ninazozipenda kwa kujitambulisha ni za mbalamwezi. Vyombo vya dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki sawasawa, kwa hiyo mabaharia wengi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanakalafati chombo, wanapiga soga chini ya kivuli. Wakati huo mtu ana muda wa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani na unakaa wapi. Ukitaka kupiga picha za mnada wa samaki wiki inayofuata, nenda wiki hii ukiwa na kamera ndani ya mfuko, ukae na hao wanaoshona nyavu. Siku ya mnada kutakuwa na watu wanaokujua kwa sura, na mmoja wao ndiye atakayesema "huyu namfahamu" sauti zikipanda.

Nikifika siendi moja kwa moja kwenye samaki. Nawatafuta watu wa uongozi wa soko au dalali wa siku hiyo, nasalimia, naeleza. Kwa mzee ni shikamoo, kwa mama mtu mzima ni "shikamoo bi mkubwa", na kwa kundi lililo kazini neno linalofungua ni "poleni na kazi". Wakijibu "tushapoa", ndipo naendelea: "Naomba ruhusa nipige picha za kazi hapa. Ni zangu mwenyewe, napenda kupiga picha, siuzi. Nitawaletea za karatasi." Maneno hayo yamepangwa kwa makusudi. "Picha za kazi" inawaonyesha kwamba sitafuti aibu ya mtu. "Siuzi" inajibu la hela kabla halijaja. "Nitawaletea" inanifunga mimi, na wao wanaikumbuka. Mara nyingi jibu huwa, "Sawa, ila usije ukaturusha mitandaoni." Nami hukubali palepale, kwa sababu kupiga na kurusha ni ruhusa mbili mbalimbali. Nikitaka kuweka picha mtandaoni, narudi kwa mwenyewe, namwonyesha ile ile ninayotaka kuweka, namwomba upya.

Ruhusa ya kiongozi haikupi ruhusa ya kila mtu. Inakupa nafasi ya kusimama tu. Kwa mtu mmoja mmoja natumia macho: nainyanyua kamera kidogo bila kuiweka jichoni, natazama, nangoja. Akitikisa kichwa kukataa, akigeuka, akivuta khanga usoni, nashusha na kusema "ahsante, samahani", kisha nakaa palepale kidogo nikipiga kitu kingine. Ukiondoka haraka unaonekana mwizi, na wengine waliokuwa tayari nao wanafunga.

Kuhusu vifaa, lenzi fupi inaleta amani zaidi. Natumia milimita 35, na 50 kwa sura. Kwa lenzi hizo lazima uwe hatua mbili tatu kutoka kwa mtu, kwa hiyo anakuona, anakusikia, na anaweza kukukataza. Lenzi ndefu ya milimita 200 inakuruhusu kupiga ukiwa mbali karibu na ukuta wa forodha ya zamani, lakini watu wanaiona, na kwao hiyo ni kuchunguliwa. Lenzi ndefu naiweka kwa ajili ya ngalawa zilizotanda tanga mbali majini. Mlio wa kamera siuzimi. Kamera za sasa zinaweza kupiga kimya kabisa, na mtu akigundua umempiga bila mlio hakuamini tena. Simu nayo ina shida yake: inaonekana ya kawaida, lakini kila mtu anajua ipo hatua moja tu kutoka simu hadi kurushwa. Kamera inaleta maneno ya "wewe ni mwandishi?", simu inaleta maneno ya "utatuweka wapi?". Jiandae na jibu linalolingana na kifaa.

Mipangilio ya kamera inaingia moja kwa moja kwenye jinsi watu wanavyokupokea, na wapiga picha wengi hawalioni hili. Pale nyuma ya mtu kuna bahari inayong'aa, mchanga mweupe na kanzu nyeupe. Ukiiacha kamera ijipimie yenyewe, itatii weupe huo na uso utatoka mweusi tii, bila macho. Ukimwonyesha mtu picha hiyo atasema "umenifanya mkaa", na hana kosa, kwa sababu umempiga vibaya. Napima mwanga kwenye uso wenyewe kwa kipimo cha nukta moja (spot), au naongeza mwanga kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja nzima, yaani mwanga mara mbili, bahari nyuma iungue ikitaka. Mnadani, mikono ikirushwa na dalali akitaja bei, kasi ni 1/500 ya sekunde na tundu la lenzi f/5.6. Chini ya mabanda ya kukaangia nashuka hadi 1/125 na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na moshi ukiwa mzito nasubiri upepo. Flashi siitumii kamwe, kwa sababu inamshtua mtu mwenye kisu au sufuria ya mafuta. Chumvi ya hewani ifute kwenye lenzi kabla haijakauka, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi.

La hela linahitaji uamuzi kabla ya kutoka nyumbani. Silipii picha ya mtu aliye kazini. Ukilipa mmoja umeshatangaza bei, na kila atakayefuata ana haki ya kuidai. Isitoshe, kazi inasimama na watu wanaanza kukupangia mikao. Badala yake nanunua. Nanunua samaki kwa mama niliyempiga, kwa bei yake, bila kumpunja, na sinunui kwanza ndipo niombe picha, kwa sababu hapo inakuwa rushwa. Nikitaka mtu aache shughuli zake na kunisimamia robo saa karibu na mlango au chombo, hapo namlipa, maana nimechukua muda wake, na tunaelewana kiasi kabla ya kuanza.

Sauti ikipanda, na siku moja itapanda, fanya hivi kwa mpangilio huu. Shusha kamera hadi kiunoni, usiifiche. Geuka umtazame anayesema. Salimia, hata kama yeye amekutukana. Usiseme kwamba hapa ni mahali pa wazi na una haki yako, kwa sababu ubishi wa haki mbele ya umati unawapa vijana mchezo wa kuchochea. Mtafute mwenye umri mkubwa aliye karibu, zungumza naye na si na mwenye kelele kubwa. Kisha onyesha picha. Asilimia kubwa ya hasira huisha mtu akiona kwamba hayumo kabisa, au kwamba yumo kwa mbali kama kivuli. Mkanda wa kamera ubaki shingoni wakati wa kuonyesha, usimkabidhi mtu kamera mikononi katikati ya mvutano.

Akisema futa, futa mbele ya macho yake, tena ufute kweli. Hapa panahitaji umakini. Kwenye simu nyingi picha iliyofutwa inakaa siku 30 kwenye sehemu ya zilizofutwa, na vijana wote wanalijua hilo, kwa hiyo ingia na kule uiondoe akiona. Kamera yenye kadi mbili iliyowekwa kuhifadhi nakala inaweza kufuta kwenye kadi moja na kuacha ya pili. Kama yako ni ya hivyo, onyesha zote mbili. Kamera inayorusha picha yenyewe kwenda kwenye simu, zima kipengele hicho kabla hujafika sokoni.

Watoto watakuja wakipiga kelele "nipige! nipige!" Huwapiga nikiwa na mama au baba yao karibu, sipigi waliovaa sare zinazotaja shule yao, na picha zao siziweki mtandaoni. Mji Mkongwe wa Bagamoyo nao una adabu yake: mlango wa nakshi ukiwa umefungwa piga kwa utulivu, ukiwa wazi ndani kuna watu, kwa hiyo piga hodi kwanza. Kwenye magofu ya Kaole lipia kiingilio, na kumbuka kwamba watu bado huenda kwenye makaburi yale kuomba dua. Anayeomba dua apewe nafasi yake. Siku za tamasha la TaSUBa (chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo), lililoanza mwaka 1982, mambo ni mepesi kwa walio jukwaani, ambao wanaitarajia kamera. Mtazamaji aliyekaa na familia yake hajaitarajia.

Geti la bandari liko jirani na soko, na hapo nafunika lenzi. Hali kadhalika kituo cha polisi na eneo lolote la jeshi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina mzaha na picha za maeneo yaliyolindwa. Kuruka na droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa upande wa watu, tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Nazitaja kwa sababu kuna wapiga picha wanaodhani kwamba mtu wa sokoni akikataa anakataa kwa jeuri tu.

Nimeacha mwisho jambo linalofanya mengine yote yawezekane: picha za karatasi. Nasafisha saizi ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ukitaka itoke safi inahitaji faili la pikseli 1200 kwa 1800. Picha ya simu ina umbo tofauti, kwa hiyo ikate mwenyewe kabla ya kupeleka studio, la sivyo mashine itakata vichwa au miguu. Mwambie fundi asiwang'arishe watu. Studio nyingi hupausha ngozi bila kuulizwa, na mama aliyepaushwa anajua kwamba huyo si yeye. Kila picha naiweka kwenye mfuko wa nailoni, maana itapokelewa na mikono yenye magamba. Nyuma yake nimeshaandika kwa penseli pahali pa mtu, kwa mfano "banda la pili kutoka mwembeni", kutoka kwenye daftari ninalojaza papo hapo baada ya kupiga. Bila daftari utarudi na rundo la sura usizojua pa kuzipeleka.

Namna ya kukabidhi nayo ina taratibu. Picha ya mwanamke nampa mwenyewe, mchana, mbele ya wenzake, kwa sababu bahasha iliyopitia kwa kijana mwingine inaweza kumletea maswali nyumbani. Picha ya kundi nasafisha nakala kwa kila aliyemo, maana nakala moja kwa watu wanne ni ugomvi niliouleta mimi. Nahodha wa chombo apewe ya chombo kikiwa kimetanda tanga, hata kama yeye haonekani, na mara nyingi hiyo ndiyo ataitundika. Wasiopatikana siku hiyo, picha zao narudi nazo nyumbani na kuzileta safari nyingine. Siachi kwa jirani.