Bendi ikibadilika, shabiki ahamie wapi?

Jumapili hii tumegombana juu ya hoteli iliyojengwa mwezini. Si utani. Mdogo wetu, fundi simu wa Kamalondo, alikuja na spika yake akaweka Tranquility Base Hotel & Casino ya Arctic Monkeys, bendi ya rock ya Uingereza, albamu ya mwaka 2018, na kabla wimbo wa pili haujafika mwisho yaya alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Yaya ndiye mkubwa wetu mezani. Alisoma Afrika Kusini, akarudi Lubumbashi na diski ngumu iliyojaa rock, na karibu kila tunachokijua sisi wengine kilitoka kwanza kwenye ile diski. Kwa hiyo akisema zima, unazima.

"Kadogo, zima. Ile haiko bendi tena. Ile njo muzee anapiga piano mu hoteli, watu banakula."

"Lakini yaya, njo Alex Turner yule yule anaimba."

"Gita iko wapi?"

"Iko. Sikiliza muzuri."

"Kama ni kuitafuta na tochi, basi haiko."

Watu wa meza ya pembeni walitutazama kidogo, wakarudi kwenye mambo yao. Wametuzoea. Rock katika mji huu ni ya watu wachache. Ukitoka tu nje ya ile nganda, baa yetu ya Jumapili, unakutana na rumba, kwaya za makanisa na rap ya vijana. Mwenye nganda anatuvumilia kwa kuwa tunaagiza bia ya Simba bila kukopa na hatushindani na muziki wake.

Sasa niko nyumbani, umeme hakuna, betri ya kompyuta imebaki nusu. Nitaandika mpaka itakapozima.

Yaya ana hoja, tusimdharau. Alizijua Arctic Monkeys mwaka 2006, walipotoa albamu ya kwanza. Vijana wa Sheffield, Uingereza, karibu wote hawajafika miaka 21, na wiki ya kwanza peke yake iliuza nakala zaidi ya 360,000 nchini mwao. Hakuna bendi iliyokuwa imeuza albamu ya kwanza kwa kasi ile kule. Nyimbo zilihusu usiku wa mjini: foleni mlangoni mwa klabu, mabaunsa, teksi, vijana waliolewa na wasichana wasiowataka. Yaya anasema alipoisikia mara ya kwanza aliona komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, usiku wa Jumamosi, tofauti ni baridi tu. Baadaye ikaja AM mwaka 2013, polepole zaidi, ngoma nzito, na dunia nzima ikaipenda. Halafu Turner akapewa piano kama zawadi ya kutimiza miaka 30, akakaa nayo, na kilichotoka ni hadithi ya hoteli iliyoko mahali Apollo 11 ilipotua mwezini mwaka 1969. Mwaka 2022 wakaongeza The Car, yenye violini tele. Kwa yaya bendi ile ilikufa 2013 na kinachoendelea ni matanga.

Kadogo hakuanzia huko. Yeye aliingia kwa AM, kupitia simu ya mteja iliyoletwa kutengenezwa (sikuuliza zaidi). Kwake ile ya 2006 ni kelele za watoto wanaokimbizana. Kwa hiyo wote wawili wanaitetea "bendi yenyewe", na kila mmoja anayo yake.

Njiani nilikuwa najiuliza kwa nini sisi watu wa Kongo tunashikwa na hasira hii kwa ajili ya Waingereza. Nadhani ni kwa sababu kwetu jambo lenyewe halitokei hivyo. Orkestra zetu hazibadiliki, zinapasuka. Zaiko Langa Langa ilianza Kinshasa mwaka 1969. Mwaka 1974 Papa Wemba na wenzake wakatoka, wakaunda Isifi Lokole, kisha Yoka Lokole, na mwaka 1977 Wemba akawa na Viva la Musica yake mwenyewe. Miaka ya themanini wengine wakaja na Langa Langa Stars. Zaiko yenyewe ikabaki na Nyoka Longo, na ipo mpaka leo. Halafu kupasuka kwa Wenge Musica, mwaka 1997: JB Mpiana akabaki na BCBG, Werrason akaondoka na Maison Mère. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka barabara yetu. Nyumba hii ya JB, ile ya Werra, na harusi zilipangwa kwa kuangalia kaseti zipi zitapigwa ili shemeji wasikasirike.

Ilikuwa vurugu, ndiyo. Lakini shabiki alipewa mlango. Hukubali wanakokwenda hawa? Wafuate wale. Jina limegawanywa, nawe unagawanyika nalo, na baada ya miaka miwili umeshajua nyumba yako.

Hebu tuipeleke Arctic Monkeys Kinshasa. Mwaka 2018 Turner anawaletea wenzake nyimbo za piano. Mpiga gita anakunja uso, mpiga ngoma anakunja uso, kunakuwa na mkutano wa waandishi wa habari, na wiki hiyo hiyo inazaliwa Arctic Monkeys Maison Mère, yenye gita tatu na atalaku, yule wa kupiga kelele za kuwachezesha watu. Yaya anahamia huko na shati lake jipya. Kadogo anabaki hotelini na Turner. Amani. Lakini hawa wa Sheffield wamekaa wanne wale wale tangu 2006, jina moja, na sauti wameibadilisha chini ya jina hilo hilo. Shabiki asiyependa hana pa kwenda. Hasira yake inabaki ndani ya nyumba, na kila albamu mpya anarudi kuangalia kama wamepona.

Mwalimu wetu wa Kifaransa, ambaye hunywa Fanta na kusema mara moja kwa jioni, alinipinga nilipolitoa hili mezani. Akasema: na Fally Ipupa je? Kweli. Fally alitoka Quartier Latin ya Koffi Olomide, akatoa Droit Chemin mwaka 2006, na mwaka 2017 akaja na Tokooos, iliyojaa sauti za mjini Paris na wageni kama Booba na Wizkid. Nakumbuka kelele za mwaka ule: turudishie rumba yetu. Mwaka 2022 Formule 7 ikatoka na rumba ya kutosha, na watu waliokuwa wamenuna wakacheza bila aibu. Nilimjibu mwalimu kwamba Fally ni mtu, si orkestra, na mtu hawezi kupasuka vipande viwili. Alitabasamu tu. Sijui kama nilimshinda au aliona Fanta imekwisha.

Kuna jambo la pesa hapa ambalo hatulisemi sana. Shabiki wa Sheffield au wa New York alinunua sahani, akanunua tiketi, akanunua shati lenye jina la bendi. Akikasirika, anakasirika kwa sauti ya mwenye hisa. Kwetu, kwa miaka mingi, wengi tulipata muziki kwa nakala ya nakala, kutoka kaseti mpaka flashi ya kibandani, na aliyelipa hasa ni yule bosi ambaye jina lake linatupwa katikati ya sebene, pale gita zinapochanganya na watu wanacheza. Mabanga. Umelipa, unatajwa, wewe na gari lako na mke wako. Mimi ninayecheza bure nitamdai nini mwanamuziki? Naweza kununa, lakini risiti sina. Nadhani ndiyo maana yaya, ambaye hajawahi kununua hata wimbo mmoja wa rock kwa pesa yake, akigombana huwa anaazima hasira ya watu walionunua. Nilimwambia. Alisema amelipa kwa mega za intaneti, na mega si bure katika nchi hii. Hapo ana haki.

Radiohead ndiyo inayovuruga hesabu zangu zote. Watu watano waliokutana shuleni Abingdon, karibu na Oxford, miaka ya themanini, na hakuna aliyetoka mpaka leo. Mwaka 1997 walitoa OK Computer, na dunia ikawaona wafalme wa gita. Mwaka 2000 wakajibu kwa Kid A: sintesaiza, sauti ya mwimbaji Thom Yorke iliyokatwakatwa na mashine, gita zimefichwa, na hawakutoa hata singo moja. Mashabiki waliosubiri OK Computer ya pili waliachwa kituoni. Na bado albamu hiyo ilifika namba moja Marekani, jambo ambalo hawakuwahi kulipata kabla. Leo yaya huyu huyu anayezima piano ya Turner anaiita Kid A albamu ya karne. Nilimuuliza tofauti ni nini. Akanyamaza, akasema Kid A inatisha na ile ya hoteli haitishi. Ni jibu dogo, lakini nimelifikiria kuliko hotuba zake zote. Labda hatuwadai waendelee kupiga kile kile. Tunawadai tu wasituache tumestarehe. Au labda ni kwa sababu Kid A aliikuta imekwisha kusifiwa, ikiwa ndani ya diski, haikumkuta yeye akisubiri kitu kingine. Mimi naegemea hili la pili, ila sikulisema mezani.

Na angalia walichofanya baadaye. Yorke na mpiga gita wao Jonny Greenwood walipotaka njia nyingine, walimchukua mpiga ngoma Tom Skinner wakaunda The Smile, albamu ya kwanza mwaka 2022. Hiyo ni Kinshasa kabisa! Umetaka sauti nyingine, toka na jina lingine, liache lile la zamani limelala salama. Tofauti ni kwamba hakuna aliyetukanwa redioni.

Vampire Weekend niliwaweka mwisho makusudi, maana hapo huwa hatupoi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia, New York, albamu ya kwanza mwaka 2008, na ndani yake kuna wimbo unaotaja kwassa kwassa kwenye jina lake. Kwassa kwassa yetu, ile dansi ambayo Kanda Bongo Man aliisambaza kutoka Paris miaka ya themanini, akiruhusu gita iruke mapema bila kungoja mwimbaji amalize kulia. Ukisikiliza gita za albamu ile, safi, juu kwenye nyuzi nyembamba, unajua wametoka kuchota wapi. Kule watu waliwafananisha na Paul Simon na albamu yake ya Graceland ya 1986, iliyochota Afrika Kusini, na kujadili kama wana haki ya kuchota huku. Hapa mjadala ulikuwa mfupi. Yaya: "Batoto batajiri banatuiba." Kadogo: "Baibe, lakini bapige muzuri." Walipofika albamu ya tatu, mwaka 2013, zile gita zilikuwa zimepungua sana, zimekuja kinanda na kwaya, na wakosoaji wengi wakasema sasa ndiyo wamekomaa. Hilo ndilo linaloniudhi mimi binafsi, nami huwa siudhiki haraka. Kwamba kukomaa ni kutuacha sisi. Naipenda albamu ile ya tatu, naiweka usiku nikifanya kazi, lakini neno kukomaa nalikataa. Gita ya huku ilikuwa imekomaa tangu Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa huku Katanga, alipoupiga wimbo wa Masanga peke yake mbele ya mashine ya kurekodi ya Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952.

Wiki iliyopita nilimpelekea jirani yangu, baba mmoja mstaafu wa mtaa wa Bel-Air, kitu cha WITCH, bendi ya rock ya Zambia. Ujana wake alikuwa akivuka mpaka wa Kasumbalesa mara kwa mara kwenda Kitwe na Ndola, na Zamrock, rock ya Zambia, aliisikia ikiwa moto, miaka ya sabini, wakati shaba ya Zambia na ya kwetu bado inalisha miji. Anamtaja mwimbaji wao Jagari Chanda kwa namna watu wengine wanavyomtaja mchezaji wa zamani wa Mazembe, timu yetu ya mpira. Jagari alitoka kwenye bendi kabla ya miaka ya themanini. Wenzake waliendelea na jina, wakaingia disko, na wapenzi wa rock wakawakimbia. Yeye akaishia kuchimba vito. Kisha mwaka 2023 jina lilirudi na albamu mpya, Zango, baada ya karibu miongo minne: Jagari akiimba, na kwenye kinanda Patrick Mwondela, mtu wa ile miaka ya disko, pamoja na vijana wa Ulaya. Yaani kambi mbili ambazo mashabiki walizitenganisha zimekaa studio moja.

Nilitegemea baba atalalamika. Vijana wa Ulaya, disko, sauti mpya. Alisikiliza nyimbo mbili, kichwa kimeinama, akauliza:

"Na pesa ya safari hii inamufikia Jagari?"

Nilimwambia wanazunguka Ulaya na Marekani, wanapiga kwenye matamasha, anaonekana mzima.

"Ah. Basi apige anachotaka."

Kisha akaniomba niondoe hiyo, nimwekee albamu yao ya Lazy Bones!! ya mwaka 1975.